Tusinunue Jina, Tununue Sauti



Kama mjuavyo, tangu muhula uliopita tunakusanya fedha za kununulia gitaa la umeme kwa ajili ya kwaya na bendi ya shule yetu hapa Nengo. Wadogo wetu wa mwaka wa kwanza wamejinyima mandazi. Wakubwa wametoa sehemu ya walichopata kwa kazi za likizo. Wanafunzi wa zamani wametuma michango kutoka Kigali, kutoka Goma, na wengine hata kutoka Ulaya. Hivi leo sanduku lina faranga 480,000, na jambo hilo ni la kushukuru sana.

Lakini penye fedha hapakosi ubishi. Wengine wanataka gitaa lenye jina kubwa kichwani. Wengine wanataka gitaa la mti mtupu usio na uwazi, kwa kuwa ndilo rahisi. Wengine wanacheka magitaa yenye tumbo wakisema debe tupu haliachi kuvuma. Mimi nasadiki kwamba inafaa tununue gitaa la umeme lenye uwazi nusu, la bei ya kadiri, hata kama limekwisha kutumika na mtu mwingine. Nitaeleza sababu zangu. Ila kabla sijawashauri ninyi namna ya kununua, hapana budi niungame jinsi nilivyonunua mimi.

Miaka miwili iliyopita, nilipokuwa mwaka wa nne, wenzangu wa bendi walinikabidhi faranga 150,000 nikanunue gitaa. Walinichagua kwa sababu mimi ndimi niliyejisifu kuliko wote kwamba nayajua mambo hayo. Nilikwenda jioni, taa zikiwa hafifu, kwa mfanya biashara mmoja ambaye sitamtaja. Ukutani palikuwa na gitaa jekundu linalong'aa kama kiatu kipya. Kichwani lilikuwa na jina ambalo kila mpiga gitaa duniani analijua. Kifuani lilikuwa na matundu mawili yenye umbo la herufi f, kama ya fidla. Sikulipiga. Sikulichomeka kwenye umeme. Nilisoma lile jina, nikalipa, nikarudi nalo begani huku nikipita njia ya watu wengi ili nionekane.

Usiku ule, bwenini, mdogo wetu mmoja alitaka kuingiza kidole katika tundu la f. Kidole hakikuingia. Matundu yalikuwa yamechorwa kwa rangi nyeusi.

Baada ya majuma matatu lile jina kubwa nalo likabanduka kwa ukucha. Shingo ilikuwa imepinda, na vyuma vyake vilipigiliwa mahali pasipo pao, hata ukikaza nyuzi vizuri namna gani, huku chini zilipatana na kule juu ziligombana. Siku ya sikukuu ya shule, mbele ya wazazi na wageni, kwaya ilinyamaza katikati ya wimbo kwa kuwa hakuna aliyejua afuate sauti ipi.

Laiti ningesema kweli siku ile! Niliona haya. Nikasema gitaa lilikuwa zima, ila limeharibiwa na mvua ghalani, paa linavuja. Basi mzee wetu mtunza ghala akakaripiwa mbele ya watu, nami nilisimama pale nimenyamaza. Nimenyamaza miaka miwili.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwake nikamwambia, "Mzee, gitaa lile halikuharibiwa na mvua. Mimi nilidanganywa, kisha nikadanganya." Akanitazama kitambo, halafu akasema, "Mwanangu, nilijua. Paa lile nililiezeka mwenyewe. Nilikuwa nangoja tu." Hakusema zaidi. Akaniomba nimshikie ngazi, nikamshikia. Padri mkuu wa shule naye nimemwambia, na sasa nawaambia ninyi nyote, kwa kuwa mzee alikaripiwa hadharani, na haki yake imrudie hadharani.

Sasa turudi kwenye gitaa.

Magitaa ya umeme yana makabila matatu. La kwanza ni lenye tumbo wazi kabisa, yaani sanduku la sauti, kama gitaa la kawaida lililotiwa pikapu. Pikapu ni ile sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba, ambayo huwekwa chini ya nyuzi, ikashika mtikisiko wao na kuupeleka kwenye amplifaya. La pili ni la mti mtupu, halina uwazi wowote. La tatu ni lile la uwazi nusu: mbavu zake mbili zina uwazi, lakini katikati, kutoka shingoni mpaka mwisho wa mwili, limewekewa gogo la mti, na juu ya gogo hilo hukaa pikapu na kidaraja cha nyuzi.

Kwa nini watu walihangaika kutafuta hilo la tatu? Sisi Wanyarwanda hatuna haja ya kufundishwa kwamba uwazi ndio unaokuza sauti. Inanga ni mti uliochimbwa kama mtumbwi, na uwazi ule ndio unaoifanya isikike. Umuduri ni upinde wenye uzi mmoja, lakini bila kile kibuyu chake ungesikika na nani? Vivyo hivyo gitaa lenye tumbo huwa na sauti tamu yenye pumzi. Taabu huanza pale linapounganishwa na umeme na spika zikapazwa. Sauti itokayo katika spika hulitikisa tumbo, tumbo hutikisa nyuzi, pikapu huzishika tena, spika hupiga kelele zaidi, na hivyo huzunguka mpaka litoke yowe la kuziba masikio. Lile la mti mtupu halina yowe jepesi namna hiyo, lakini watu wengi huona kwamba limepoteza pumzi.

Yapata mwaka 1940, Mmarekani aitwaye Les Paul alichukua boriti ya msonobari, akatia nyuzi na pikapu juu yake, kisha akapachika ubavuni vipande viwili vya gitaa la kawaida lililokatwa kwa msumeno, ili lionekane kama gitaa. Aliliita kwa jina lenye maana ya gogo. Halafu mwaka 1958 kiwanda cha Gibson, mjini Kalamazoo, wakati Ted McCarty akiwa mkuu wake, kilitoa gitaa la ES-335, na hilo ndilo baba wa karibu magitaa yote ya uwazi nusu tunayoyaona leo. Mwili wake ni mwembamba, unene wa sentimita 4 na nusu hivi, na upana wake unapita kidogo sentimita 40. Lilitiwa pikapu za koili mbili, ambazo Seth Lover wa kiwanda hicho hicho aliziombea hataza mwaka 1955. Koili hizo zimezungushwa na kupangwa kwa namna ambayo ngurumo ya umeme ishikwayo na moja hufutwa na ile ya pili. Sisi ambao ukumbi wetu una nyaya za kila umri tutaona faida yake.

Nawaombeni mwangalie jambo moja hapo. Kifua na mgongo wa ES-335, gitaa ambalo leo jipya huuzwa kwa maelfu ya dola, ni plaiwudi ya mti wa mepo. Naam, plaiwudi! Basi mtu asije akatuambia kwamba magitaa ya bei ndogo ni ya kudharauliwa kwa kuwa ni ya plaiwudi. Hata lile la tajiri ni la namna hiyo. Tofauti iko katika ustadi wa kulijenga, ubora wa vifaa vyake, na jina lake.

Juu ya majina, yafaa tujue vilevile kwamba si kila jina dogo ni la hila. Kampuni iliyomiliki Gibson iliinunua Epiphone mwaka 1957, na leo magitaa mengi ya Epiphone hutengenezwa Asia kwa ramani zile zile za Gibson, kwa bei iliyo sehemu ndogo tu ya bei ya Gibson. Ibanez, ambao ni Wajapani, wana aina yao iitwayo Artcore tangu mwaka 2002. Gretsch nao wana Streamliner. Haya huuzwa kwa dola mia kadhaa yakiwa mapya, na hupungua yakiisha kutumika. Bei hiyo bado ni kubwa kwetu, lakini si ndoto.

Mimi naliona la uwazi nusu linatufaa kwa sababu tatu. Kwanza, gitaa letu litafanya kazi mbili. Asubuhi litasindikiza kwaya katika Misa, mahali panapotaka sauti laini ambayo haimezi sauti za watoto. Jioni litapiga muziki ukumbini, ambako spika ziko karibu na jukwaa, na la tumbo wazi lingepiga yowe. La uwazi nusu linaweza yote mawili. Pili, umeme ukikatika, mazoezi hayasimami. Lina sauti kidogo hata bila amplifaya, si ya kujaza kanisa, lakini yatosha watu wanne waliokaa darasani wakizunguka mshumaa. Tatu, mwanafunzi anayejifunza kwa gitaa lenye pumzi hujifunza kupiga taratibu na kusikiliza, kwa kuwa kila kosa la mkono wake hujibiwa na mti.

Rafiki yangu mmoja, ambaye namheshimu, husema, "Kwa fedha zile zile, gitaa la mti mtupu litakuwa bora zaidi, kwa maana ni jepesi kutengenezwa." Asemalo ni kweli, nami siwezi kulikana. Kujenga tumbo lenye gogo ndani ni kazi kubwa kuliko kukata ubao, na katika bei za chini kabisa ubao hushinda. Kwa hiyo nasema wazi: kama tungekuwa na faranga 150,000 tu, ningeshauri la mti mtupu, au gitaa la kawaida lenye pikapu, bila kusita. Kosa langu la mwaka ule halikuwa kutaka la uwazi nusu. Lilikuwa kulitaka kwa fedha zisizolitosha, nikanunua sura yake. Leo fedha zatosha, ila kwa shida, nasi tukiwa na macho.

Naomba basi fedha zigawanywe hivi. Gitaa lisizidi faranga 320,000, nalo litakuwa lililotumika. Amplifaya ndogo, 110,000. Faranga 50,000 zilizobaki ni za waya, nyuzi za akiba, mfuko wa kulibebea, na fundi wa kulisawazisha. Kuna wanaotaka 480,000 zote ziende katika gitaa. Hao nawauliza: tutalichomeka wapi? Spika za ukumbi zilitengenezwa kwa sauti ya msemaji, na gitaa likipita humo hukwaruza. Tena tukinunua amplifaya iliyotoka ng'ambo tusome nyuma yake kwanza, kwa kuwa umeme wetu ni wa volti 230 na ule wa Marekani ni 120. Chombo cha volti 120 tu kikichomekwa hapa kitaungua siku hiyo hiyo.

Ifuatayo ndiyo mitihani ambayo gitaa lishinde kabla hatujatoa hata faranga moja. Mimi nimeilipia ada kubwa, ninyi ipokeeni bure.

Nenda mchana, na usiende peke yako. Usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia, wala gitaa kwenye picha ya simu. Gonga kifua kwa kidole: mbavuni litalia kama ngoma, katikati litajibu kizito kama mlango. Likilia namna moja kila mahali, si la uwazi nusu. Kisha washa tochi na uchungulie ndani ya tundu la f, ulione lile gogo kwa macho yako. Na ndiyo, tia kidole!

Baada ya hapo lishike kama bunduki, uangalie shingo kwa urefu wake. Mpindo mdogo sana ni wa kawaida, tena karibu kila shingo ina chuma ndani ambacho fundi hukikaza au kukilegeza, jambo la manufaa hapa kando ya Ziwa Kivu ambako unyevu haukosekani. Lakini shingo iliyojisokota kama kamba haina dawa ya bei yetu. Piga kila uzi ukiwa mtupu, kisha uguse kidogo tu juu ya chuma cha 12 upate ile sauti nyembamba kama kengele, halafu uubane hapo hapo. Sauti hizo mbili za mwisho ziwe sawa. Zikitofautiana kidogo, kidaraja husogezwa. Zikigombana sana na kidaraja hakina tena pa kwenda, rudisha gitaa ukutani, usimwangalie muuzaji usoni.

Mwisho lichomeke. Zungusha vifungo vyote, badilisha pikapu zote. Kwa gitaa hili mtihani huu ni mkubwa kuliko kwa mengine, kwa sababu nyaya zake huingizwa na kutolewa kupitia tundu la f, na fundi akitaka kulehemu waya mmoja huzivua zote kama mtu avuaye sambaza kwa uzi. Kazi hiyo ni ya saa nyingi, nayo hulipiwa. Mikwaruzo ya rangi usiijali. Heri gitaa lenye makovu linaloimba kuliko jipya lililo bubu.

Natumaini hakuna atakayedhani nasema chombo ndicho kinachompa mtu muziki. Mwaka 1952, huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi, Hugh Tracey alimnasa Mwenda Jean Bosco akipiga na kuimba "Masanga" kwa Kiswahili. Alikuwa na gitaa la kawaida, halina waya wala umeme, na mpaka leo wapigaji wa nchi za mbali wanahangaika kuiga vidole vyake. B.B. King, ambaye alikuja kupiga Kinshasa mwezi Septemba 1974, alilipenda gitaa lake kiasi cha kulipa jina, Lucille. Tangu mwaka 1980 Gibson walimtengenezea Lucille zisizo na matundu ya f, ili lile yowe lipungue. Basi kumbe hata matundu si lazima! Lakini yeye aliyaacha akijua kwa nini, nami niliyanunua yaliyochorwa nisijue lolote. Hapo ndipo penye tofauti ya fundi na mjisifu.

Nina ombi moja la mwisho, nalo ni kubwa kuliko habari ya bei. Gitaa likija, lisifungiwe kabatini likatolewa siku za wageni tu. Karibu nasi, huko Nyundo, ndiko ilikoanzia shule ya muziki mwaka 2014, na vijana waliopita humo leo wanapiga katika bendi za nchi hii. Hawakufika huko kwa kutazama vyombo kupitia kioo. Nashauri liwe na daftari, na kila mwanafunzi aliyejifunza kubadili nyuzi na kulifuta jasho aandike jina lake na kupewa saa yake, mdogo kwa mkubwa. Ufunguo wa chumba chake akabidhiwe mzee wetu wa ghala, maana katika shule hii nimejua mtu mmoja ambaye kitu kikiwekwa mikononi mwake hakilowi.

Mimi mwaka huu namaliza. Yamkini sitalipiga gitaa hilo hata mara kumi. Lakini nimetia katika sanduku faranga 40,000 nilizopata kwa kubeba saruji wakati wa likizo, nami nitaendelea kuleta mpaka zile 150,000 za wenzangu zitimie, hata nikiwa nimekwisha kuondoka. Msinisifu kwa hilo, kwa kuwa ni deni. Nawaomba tu, siku mtakayokwenda kununua, mtu akiwaonyesha jina kichwani mwa gitaa, mwambieni, "Ahsante, tumelisoma. Sasa tupe tulipige."

Ndimi mwenzenu,
Mwanafunzi wa mwaka wa sita, Nengo